Sarafu Zilizokosewa Kiwandani: Namna ya Kuzitambua, Kuzithamini na Kuzitumia Darasani

Liko swali ambalo mwalimu wa sekondari katika wilaya za Iringa, Mufindi, Rungwe au Chunya huulizwa mara kwa mara, ingawa halimo katika muhtasari wa somo lolote: "Mwalimu, hela hii ya zamani ni ya bei gani?" Mwenye kuuliza hufungua fundo la kitambaa, na ndani yake huwamo sarafu ya Mjerumani, au senti kumi ya Afrika Mashariki yenye tundu katikati, au senti ishirini ya mwaka 1966 yenye picha ya mbuni. Siku hizi swali hilo limeongezewa la pili: "Na hii nayo imekosewa, si ndiyo yenye mamilioni?" Habari zimeenea kwamba sarafu yenye kasoro ya kiwandani ni utajiri. Wako watu wanaopita vijijini wakinunua kwa bei ya kutupa, na wako wengine wanaouza kwa wenzao "rupia" za ajabu ajabu ambazo hazikutoka katika kiwanda cha serikali yoyote. Mzee aliyeuza mbuzi wawili ili anunue rupia ya namna hiyo hataamini kwa urahisi maneno ya mwalimu aliyenyamaza alipoulizwa.

Makala hii inakusudia kumpa mwalimu na mwanachuo maarifa ya kulijibu swali hilo kwa njia ya ushahidi, na kuonyesha jinsi jibu lenyewe linavyoweza kuwa somo zuri la upimaji, la sayansi na la historia kwa pamoja. Zana zake hazina gharama: sarafu, rula, mizani ya maabara, sumaku, uzi, maji na kioo cha kukuzia.

Hatuwezi kutambua kosa la kazi tusiyoijua. Kwa hiyo wanafunzi waanze kwa kujifunza jinsi sarafu inavyotengenezwa. Bamba la madini hukatwa visahani vya mviringo visivyo na maandishi. Kila kisahani hubanwa kandokando ili ukingo wake uinuke kidogo. Kisha huwekwa kati ya mihuri miwili ya chuma kigumu, mmoja chini na mmoja juu, nacho kimezungukwa na pete ya chuma inayozuia madini yasitambae nje. Pigo moja la nguvu huchapa pande zote mbili kwa wakati mmoja. Muhuri huchongwa kinyume: kile kitakachoinuka katika sarafu kimechimbwa katika muhuri. Jambo hili wanafunzi walishike vizuri, maana karibu utambuzi wote unalitegemea. Njia nyepesi ya kulionyesha ni kuchonga herufi kwenye kiazi kilichokatwa na kukigandamiza juu ya udongo wa mfinyanzi. Viazi katika mikoa yetu havikosekani.

Kutokana na kazi hiyo makosa huangukia mahali patatu. Kisahani chaweza kuwa kibovu: kimekatwa ukingoni mwa tundu la mwenzake kikakosa kipande, au kimetokana na madini yasiyo yake. Muhuri waweza kuwa umepasuka, umemeguka, au umezibwa na uchafu na mafuta. Na pigo lenyewe laweza kwenda upande: kisahani hakikukaa katikati, au kimepigwa mara mbili, au pete haikuwapo na madini yakatambaa. Majina mengi yamebuniwa na wakusanyaji wa sarafu kuyagawa makosa haya, lakini mwanafunzi akiuliza tu, "Hili limetokea kabla ya pigo, wakati wa pigo, au baada ya pigo?" atakuwa amekwisha kufika mbali.

Kosa la kweli la kiwandani hutokea kabla ya pigo au wakati wa pigo. Lililotokea baada ya pigo ni uharibifu tu, hata likiwa la kustaajabisha namna gani. Tuchukue mstari unaokatiza juu ya uso wa sarafu. Ukiwa umezama, ni mkwaruzo wa kisu, wa msumari au wa jiwe la njiani. Ukiwa umeinuka, huenda ni alama ya ufa wa muhuri, kwa sababu wakati wa pigo madini huingia ndani ya ufa na kutoka yamesimama. Hakuna mkwaruzo unaoweza kuinua madini kuwa tuta safi namna hiyo. Kidole chenye ukucha mrefu chatosha kupima. Jaribio hili moja, lisilohitaji hata shilingi, huondoa nusu ya "makosa" yote yanayoletwa mezani.

Kipande kilichokosekana ukingoni nacho kina ushahidi wake. Kama kisahani kilikatwa kikiwa na pengo tangu mwanzo, basi kilipobanwa kandokando hakikupata mbano wa kutosha upande unaolikabili pengo lile. Kwa hiyo ukingo wa upande wa pili, mkabala na pengo, huwa dhaifu au umefifia. Aidha maandishi yaliyo karibu na pengo huonekana yamevutwa kidogo kulielekea. Sarafu iliyokatwa kwa patasi nyumbani haina dalili hizo: mkato wake ni mkali, na ukingo wa upande wa pili ni mzima kabisa.

Sarafu yenye picha iliyozama na iliyogeuka kama kwenye kioo huwachanganya hata watu wazima. Huweza kuwa kosa la kweli, pale sarafu iliyokwisha kuchapwa inapobaki imenata kwenye muhuri na kumchapa mwenzake anayefuata. Lakini mtu mwenye jiriwa na sarafu mbili anaweza kubana moja juu ya nyingine na kupata picha kama hiyo. Tofauti yake ni kwamba katika ile iliyobanwa, picha halali iliyokuwa mahali pale huwa imebonyezwa na kubapazwa, na mabaki yake bado yanaonekana chini ya ile ya uongo. Ama sarafu yenye kichwa pande zote mbili, mara nyingi imechongwa kutokana na sarafu mbili na kuunganishwa. Itazamwe kwa kioo cha kukuzia ndani ya ukingo, utaonekana mshono. Na ikidondoshwa juu ya saruji hulia sauti ya gunda badala ya mlio wa sarafu nzima.

Yapo pia mambo yasiyo makosa wala uharibifu. Katika sarafu za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1919, huonekana herufi ndogo ambazo wanafunzi hudhani zimepotea njia. H ni alama ya kiwanda cha Heaton cha Birmingham, KN ni ya King's Norton, I ni ya Bombay na SA ni ya Pretoria. Vivyo hivyo A katika sarafu za Wajerumani ni Berlin na J ni Hamburg. Tundu lililotobolewa karibu na ukingo wa rupia si kosa. Bibi fulani aliivaa shingoni.

Kiwanda kikubwa kinaweza kukosea kwa namna ya ajabu. Mwaka 1936 kiwanda cha Heaton kilikuwa kikichapa senti kumi za Afrika Mashariki na peni za Afrika Magharibi, zote zenye tundu na ukubwa unaokaribiana. Mihuri ikachanganyika, zikatoka sarafu zenye upande mmoja wa senti kumi ya huku na upande mwingine wa peni ya kule. Hilo ni kosa lisilohitaji kioo cha kukuzia. Lakini mfano ulio bora kwa darasa, na ulio karibu nasi, ni sarafu za Tabora.

Neno "hela" tunalolitumia kila siku limetokana na heller, sarafu iliyoletwa na Wajerumani mwaka 1904, mia moja kwa rupia moja, badala ya pesa sitini na nne za awali. Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza mwaka 1914, manowari za Waingereza zilifunga pwani, na sarafu kutoka Ujerumani zikakatika. Serikali ya kikoloni ikachapa noti za dharura humu humu nchini, na mwaka 1916 ikaanza kugonga sarafu katika karakana ya reli huko Tabora. Zilitoka heller 5 na heller 20 za shaba, na rupia 15 ya dhahabu yenye picha ya tembo mbele ya milima. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke. Shaba ilikuwa ya mabaki, yakiwamo maganda ya mizinga, ndiyo maana heller 20 nyingine ni ya manjano na nyingine nyekundu. Herufi T chini ya tarehe ni ya Tabora.

Mihuri ya heller 20 ilichongwa kwa mkono humo humo karakanani, na mmoja ulipochakaa ulichongwa mwingine. Kwa kuwa mkono wa fundi haurudii kazi sawasawa, sarafu hizo zina sura kadhaa. Taji la upande mmoja ni kubwa katika nyingine, dogo katika nyingine. Katika neno HELLER, miguu ya herufi L imejikunja katika muhuri mmoja na imechongoka katika mwingine. Wakusanyaji wamezipanga sura hizi kwa herufi za alfabeti na kuzihesabu michanganyiko yake. Je, haya ni makosa? Hapana. Ni tofauti za mihuri, na mwanafunzi afundishwe kuzitenga. Kosa ni pale muhuri ule ule, uliokusudiwa kutoa kitu fulani, unapotoa kitu kingine.

Linalonivutia zaidi katika sarafu hizi ni jinsi zinavyofundisha maana ya kipimo. Heller 20 ya Tabora yenye picha iliyokwenda upande kidogo, ukingo mbaya na uzito usiolingana na wa mwenzake ni jambo la kawaida, kwa sababu karakana yenyewe ilikuwa ya kawaida hiyo: mitambo ya reli, chuma cha kubahatisha na haraka ya vita. Lakini senti ishirini ya Tanzania ya mwaka 1966 ilichapwa Uingereza katika kiwanda cha kifalme, chenye ukaguzi mkali. Kasoro ya kiasi kile kile ikionekana katika senti ishirini hiyo, basi ni jambo la kushangaza. Ukubwa wa kosa haupimwi kwa jicho peke yake. Hupimwa kwa kulinganisha na desturi ya kiwanda kilichoitoa sarafu. Mwanafunzi akilielewa hili amepata msingi wa somo la takwimu kabla ya kukutana na kanuni zake.

Huenda msomaji akauliza sarafu za Tabora zinatuhusu nini sisi wa kusini. Wabelgiji waliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Jeshi la Jenerali Wahle lililokuwa likiilinda Tabora lilirudi nyuma kupitia nchi yetu, likapigana kandokando ya Iringa na Lupembe mwezi Oktoba na Novemba, na kikosi chake kimoja kikajisalimisha Ilembule, ambayo sasa iko katika mkoa wa Njombe. Askari na wapagazi wa jeshi hilo walitoka mji ule ule ambao sarafu zilikuwa zikigongwa mwaka ule ule. Si ajabu basi kwamba heller 20 zenye T hutokea katika masanduku ya wazee wa Iringa. Mbeya, kwa upande wake, haikuwapo wakati huo. Mji ulianza mwaka 1927 kwa ajili ya dhahabu ya Lupa, na boma la Wajerumani la upande ule lilikuwa Tukuyu. Wanafunzi wa Mbeya wakipewa ramani wataligundua hilo wenyewe kwa kulinganisha tarehe za sarafu na tarehe za miji.

Wakati wa mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya wilaya ya Mufindi, mwanachuo aliletewa na msichana wa Kidato cha Pili heller 20 ya namna hiyo, mali ya bibi yake. Taji lilikuwa limeegemea ukingoni. Mnunuzi mmoja wa kupita alikuwa amemwambia bibi kwamba sarafu haifai kwa sababu "imekosewa", akampa bei ya pakiti mbili za chumvi. Kijana mmoja wa pale kijijini alikuwa amemwambia asiiuze chini ya milioni kumi kwa sababu hiyo hiyo. Mwanachuo hakutaja bei. Aliwagawia wanafunzi kioo cha kukuzia na rula, wakapima umbali wa taji kutoka ukingo pande zote, wakachunguza kama kuna mstari ulioinuka, wakatafuta herufi T, wakaandika walichoona. Waligundua ufa wa muhuri unaopita karibu na tarehe, jambo ambalo wanunuzi wote wawili hawakuliona. Waligundua pia kwamba sarafu ilikuwa imesuguliwa kwa majivu na limau hadi ikang'aa, na mikwaruzo midogo imetapakaa uso mzima. Bibi alikuwa ameisafisha wiki iliyotangulia ili ipendeze kwa mnunuzi.

Hapo ndipo tunapofika kwenye thamani. Sarafu ina thamani yake iliyoandikwa, ambayo kwa heller imekwisha kufa. Ina thamani ya madini yake. Na ina ile ambayo mkusanyaji yuko tayari kulipa. Hii ya tatu hutegemea uchache, hali ya sarafu, wingi wa wanaoitaka, na uhakika wa ushahidi. Umri si miongoni mwake, na hili wanafunzi hulikataa mwanzoni. Wapewe hesabu. Rupia 15 za dhahabu za Tabora zilikuwa 16,198 tu. Heller 20 za mwaka ule ule, karakana ile ile, zilizidi milioni moja. Heller 1 za Berlin na Hamburg zilikuwa mamilioni mengi, ingawa zilianza miaka kumi na miwili kabla. Ndiyo sababu heller moja iliyochakaa, pamoja na uzee wake wote, ni ya bei ndogo hata leo.

Kosa la kiwandani huongeza bei pale tu linapoonekana wazi, linapothibitika, na linapokuwa adimu kwa sarafu ya aina ile. Ufa mdogo wa muhuri katika sarafu ya Tabora humfurahisha mchunguzi kuliko unavyomtajirisha mwenye mali. Na kuisugua sarafu huiondolea thamani, kwa kuwa huondoa ngozi ya asili ya madini pamoja na alama ndogo zinazothibitisha kosa. Mwalimu asitaje bei kwa shilingi. Bei hubadilika, na neno lake likishatoka darasani litaongezewa sifuri njiani. Aeleze jinsi bei inavyopatikana: kwa kutazama sarafu ya aina ile ile, yenye hali ile ile, iliuzwa kweli kwa kiasi gani mnadani, si kwa kutazama muuzaji fulani anaomba kiasi gani. Kuomba hakuna mpaka.

Kwa upande wa dhahabu, fizikia yaweza kumwokoa mtu. Rupia 15 ya kweli ina uzito wa gramu 7.168, na robo tatu yake ni dhahabu safi. Wanafunzi wakokotoe, watapata gramu 5.376. Itundikwe kwa uzi kwenye mizani, ipimwe hewani, kisha ipimwe ikiwa imezama majini. Mchanganyiko huo wa dhahabu una densiti karibu 15, hivyo uzito utapungua kwa kama nusu ya gramu. Kipande cha shaba ya manjano chenye uzito ule ule, kwa kuwa densiti yake ni karibu 8.5, kitapungua kwa zaidi ya gramu 0.8. Hakuna maneno matamu ya mchuuzi yanayoweza kuyabadilisha maji. Kwa kuwa shule haina rupia 15, jaribio lifanywe kwa pete ya shaba na sarafu zilizopo. Kanuni ni ile ile ya Arkimedi iliyomo katika muhtasari.

Kwa somo lenyewe napendekeza vipindi viwili vinavyofuatana. Kila kundi la wanafunzi watano lipewe sarafu ishirini za shilingi 100, zilizoazimwa kutoka duka la shule; zihesabiwe wakati wa kutoka na wakati wa kurudi, mwalimu mzoefu ataelewa sababu. Wapime kipenyo na uzito wa kila moja, waandike mwaka wake, watafute wastani. Wageuze kila sarafu kutoka kushoto kwenda kulia na kuangalia kama upande wa pili umesimama wima kama wa wenzake, maana muhuri uliolegea huzunguka. Wajaribu sumaku, kisha wailete shilingi 500 ya mwaka 2014, ambayo ni chuma kilichofunikwa nikeli, na walinganishe. Baada ya hapo kila kundi lichague sarafu moja inayotofautiana zaidi na wastani na kuandika sababu: imechakaa, imeharibiwa, ni tofauti ya toleo, au ni kosa la kiwandani. Makundi mengi yatajibu "imechakaa", nayo yatakuwa sahihi. Mwalimu asisikitike kwa kukosa kosa la kiwandani. Kundi lililoweza kusema "hatukuona ushahidi wa kosa" limefanya kazi ngumu kuliko lililopata mstari ulioinuka.

Katika andalio la somo, mwanachuo aweke muda wa kutosha kwa hatua ya kuandika. Wanafunzi wetu huona upesi na huandika kwa shida, na mara nyingi huandika hitimisho kabla ya walichokiona. Safu mbili zichorwe daftarini: "nilichoona" na "ninachodhani". Neno "imekosewa" lisiruhusiwe katika safu ya kwanza.

Sarafu zinazoletwa na wanafunzi zirudishwe nyumbani siku ile ile, katika bahasha ya karatasi, na mchoro wake ubaki shuleni. Zisioshwe, zisisuguliwe, zisishikwe usoni ila ukingoni. Mwenye kutaka kujua zaidi aelekezwe Makumbusho ya Iringa Boma, yaliyofunguliwa mwaka 2016 katika jengo la Wajerumani, au Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam. Ikiletwa sarafu ya kale zaidi, kama zile za masultani wa Kilwa, mwalimu akumbuke kwamba vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863 hulindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na habari zake zifikishwe kwa ofisa utamaduni wa wilaya kabla mnunuzi wa kupita hajafika tena.